Kwa nini mama aliyejifungua alitakiwa kuleta sadaka ya dhambi?

Swali: "Nimejifungua mtoto wa kike, sasa ana wiki saba. Mama mkwe wangu na mzee mmoja wa kanisa wananiambia nisiingie kanisani wala nisishiriki Meza ya Bwana mpaka zitimie siku 80, kwa sababu Walawi 12 imesema hivyo. Nikaenda kuisoma mwenyewe, nikaumia zaidi, maana inasema mwanamke aliyezaa alete sadaka ya dhambi. Nimekosa nini kwa kuzaa? Na kwa nini siku za binti ziwe mara mbili ya zile za mvulana? Tena mtoto analia sana usiku na homa zinakuja na kuondoka. Kiongozi wa kikundi kimoja cha maombi ameniambia nitoe mbuzi, au hela ya mbuzi, achinjwe kwa ajili ya mtoto, kwa kuwa bila damu hakifunguki kitu. Mungu alikuwa anataka nini kwenye damu yote ile ya Agano la Kale? Nyumbani naona aibu kuuliza."

Jibu:

Dada yangu, pole kwa uzazi na hongera kwa binti.

Kabla sijafungua Biblia, mtoto kwanza. Kwa kichanga wa chini ya miezi 3, joto la mwili likifika nyuzi 38 au zaidi ni dalili ya hatari, hata kama likishuka lenyewe baadaye. Mwili wa umri huo haujajua kupambana na maambukizi, na hali hubadilika ndani ya saa chache. Mpeleke kituo cha afya leo, hata ukimwona amepoa, ueleze homa ilianza lini, inarudi mara ngapi na ananyonyaje. Akikataa ziwa, akilegea, akipumua kwa shida au akishikwa na degedege, usingoje hata kupambazuke. Maombi mtafanya njiani, na Mungu atasikia.

Sasa swali lako. Umeuliza mengi, lakini naona yote yana mzizi mmoja: je, Mungu wa Israeli alimtazama mwanamke aliyezaa kama mkosaji? Hapana. Sisemi hivyo ili kukutuliza. Sheria yenyewe ndiyo inayosema, ukiifuata hatua kwa hatua. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaingia katika kitabu cha Walawi tukiwa na picha tayari kichwani: Mungu amekasirika, mnyama anauawa mahali pa mkosaji, damu inapooza hasira. Wengine wamekulia mahali ambapo tambiko hufanywa ili mizimu isidhuru, au kafara hutolewa ili balaa liondoke, na picha hiyo nayo inaingia. Ukimsoma mama wa Walawi 12 kwa macho hayo, lazima atakuwa amekosa kitu, la sivyo kwa nini alete mnyama?

Tuanze na jambo ambalo kitabu chenyewe kinalihesabu kuwa kazi ya kwanza ya makuhani. Katika sura ya 10, baada ya Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, kufa kwa kuleta moto wa kigeni mbele za Bwana, Haruni anaagizwa kupambanua mambo mawili: kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu, kisha kilicho najisi na kilicho safi. Hizo ni jozi mbili, na kila jozi ina habari yake. Kitu kisicho kitakatifu si kibaya. Ni cha kawaida tu: chungu cha nyumbani, siku ya Jumanne, mkulima anayekwenda shambani. Kitakatifu ni kile kilichotengwa kiwe cha Mungu. Na katika vitu vya kawaida, vingi ni safi, vingine kwa muda ni najisi. Hali pekee isiyovumilika ni unajisi kugusa kitakatifu.

Mtu aliingiaje katika unajisi? Kwa kugusa maiti, kwa ugonjwa fulani wa ngozi, kwa kutokwa na damu au shahawa, kwa kuzaa. Tazama orodha hiyo vizuri. Kumzika baba yako ni wajibu, na aliyemzika alikuwa najisi siku 7. Mume na mke wakilala pamoja, wote wawili walikuwa najisi mpaka jioni, kwa Walawi 15:18, na hiyo ni ndoa halali inayotimiza agizo la "zaeni mkaongezeke." Kama unajisi ungekuwa dhambi, basi Mungu angekuwa ameamuru watu watende dhambi. Unajisi ulikuwa hali ya mwili. Uliisha kwa kuoga, kufua nguo na kungoja jua lichwe, au kwa muda mrefu zaidi hali ikiwa nzito. Hakuna aliyetubu kwa sababu ya kumzika baba yake.

Kwa nini mambo hayo na si mengine? Jacob Milgrom, msomi wa Kiyahudi aliyefundisha Berkeley, California, na kutumia miongo kadhaa ya maisha yake juu ya kitabu hiki kimoja, alionyesha kwamba yote yanasimama kwenye mpaka wa uhai na kifo. Maiti ni kifo chenyewe. Ngozi inayooza juu ya mtu aliye hai inafanana na kifo. Damu na shahawa ni uhai unaotoka mwilini. Naye mama anayezaa huleta uhai huku yeye mwenyewe akichungulia kaburi. Katika Mwanzo 35 Raheli alikufa njiani akimzaa Benyamini, na kila mwanamke wa Israeli aliijua habari hiyo. Nakubaliana na Milgrom katika hili, ingawa si kila sheria ya unajisi inaingia humo kwa urahisi; ile ya wanyama wasioliwa, kwa mfano, inahitaji maelezo mengine. Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Walele wa Kasai, Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa ile ya 1950, alijifunza kwao kuyatazama makatazo ya namna hii kama ramani ya ulimwengu ambamo kila kitu kina mahali pake. Mwaka 1966 aliandika akiwapinga waliodhani Walawi ni kanuni za usafi wa kiafya au hofu za watu wa kale. Wote wawili wanatusaidia kuacha kumtafuta mkosaji pale ambapo hakuna mkosaji.

Sasa, unajisi usiokuwa dhambi ungemhusu nini Mungu? Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote. Katika Kutoka 25:8 Mungu anasema: "Nao na wanifanyie patakatifu, ili nipate kukaa kati yao." Kukaa. Hema ya kukutania ilikuwa makao katikati ya kambi ya watu wanaozaa, wanaougua, wanaogombana na wanaokufa. Ua wake ulikuwa wa dhiraa 100 kwa 50, yaani kama mita 45 kwa 22, na kila hatua ya kwenda ndani utakatifu uliongezeka. Uani vyombo vilikuwa vya shaba, ndani ya hema vilikuwa vya dhahabu. Mwisraeli yeyote aliye safi alifika uani na mnyama wake. Makuhani peke yao waliingia patakatifu. Na patakatifu pa patakatifu, chumba cha dhiraa 10 kila upande, aliingia kuhani mkuu peke yake, katika siku moja ya mwaka. Mungu aliye uhai wenyewe amekubali kuishi jirani na watu wanaoguswa na kifo kila siku. Sadaka nyingi ziliwekwa ili ujirani huo uwezekane.

Ndipo tufike kwenye sadaka ya dhambi, iliyokuumiza. Jina lake lisikupoteze. Fuata damu inakokwenda. Katika Walawi 4, kuhani aliyetiwa mafuta akikosa bila kukusudia, damu ya fahali wake hunyunyizwa mara 7 mbele ya pazia, hupakwa kwenye pembe za madhabahu ya uvumba, na iliyosalia humwagwa chini ya madhabahu ya nje. Mtu wa kawaida akikosa, damu ya mbuzi wake hupakwa kwenye pembe za madhabahu ya nje. Katika sadaka hii damu haipakwi kamwe juu ya mtu aliyeileta. Inapakwa juu ya nyumba ya Mungu. Kinachosafishwa kwa damu ni mahali.

Tazama tena ni nani wengine walioletewa sadaka hii. Katika Hesabu 6, Mnadhiri aliyemaliza nadhiri yake salama, mtu aliyejitoa kwa Mungu kwa hiari na akatimiza neno lake, analeta sadaka ya dhambi. Katika Walawi 8:15 madhabahu mpya kabisa, iliyotengenezwa kwa mti wa mshita na kufunikwa shaba, inapakwa damu ya sadaka ya dhambi kabla haijatumika hata siku moja. Madhabahu imemkosea nani? Sadaka hii ilikuwa ya kutakasa, na dhambi ilikuwa mojawapo tu ya vitu vilivyochafua.

Fikiria jiko la kuni. Mama anapika kila siku, na kupika si kosa, lakini moshi unapanda na masizi yanashika paa. Asipopanda mtu kuyafuta, siku moja yanadondoka chunguni. Unajisi mzito na makosa ya watu vilihesabiwa kushika patakatifu namna hiyo, hata kama mwenyewe hakukaribia hemani. Sadaka ya mama aliyejifungua ilifuta kilichopanda kutoka kwenye maisha ya kawaida kabisa.

Kama bado una shaka, linganisha jinsi sura hizo mbili zinavyomalizika. Walawi 4, inayohusu makosa, inarudia kama kibwagizo, kwa mkutano, kwa mtawala, kwa mtu wa kawaida: kuhani atafanya upatanisho, "naye atasamehewa." Walawi 12, inayohusu mama, inamaliza hivi: "na kuhani atafanya upatanisho kwa ajili yake, naye atakuwa safi." Msamaha haukutajwa kwa sababu hapakuwa na cha kusamehe. Umeniuliza umekosa nini kwa kuzaa. Aliyeiandika sheria hii hakuona kosa.

Na kwa nini iwe damu? Walawi 17:11 inajibu yenyewe: "Kwa kuwa uhai wa mwili u katika hiyo damu, nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu." Nimewapa. Hapa anayetoa kwanza ni Mungu. Kifo kimegusa nyumba yake, naye anawapa watu uhai wa kukifutia. Ndiyo maana Mwisraeli alikatazwa kabisa kula damu, hata ya mnyama wa porini. Huyo aliyewindwa, damu yake ilimwagwa chini na kufukiwa kwa mchanga. Uhai haukuwa mali ya mchinjaji.

Majirani wa Israeli waliongea tofauti. Huko Babeli sanamu za miungu ziliandaliwa chakula asubuhi na jioni kama wafalme, na katika utenzi wa Gilgamesh, baada ya gharika, miungu yenye njaa inakusanyika kama inzi juu ya mtu anayetoa sadaka. Katika Israeli lugha ya chakula haikufutika yote, Walawi yenyewe bado inataja "chakula cha Mungu." Lakini Zaburi 50 inalikata wazo hilo waziwazi: Mungu anasema kama angeona njaa asingekuambia wewe, maana ulimwengu wote ni wake, kisha anauliza kama yeye hula nyama ya mafahali au kunywa damu ya mbuzi. Na kuna kifungu ambacho ningependa kila anayedai hela ya mbuzi akisome kwa sauti. Walawi 5:11 inasema mtu asiyeweza kununua hata njiwa wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mzuri, yapata lita 2, iwe sadaka yake ya dhambi. Unga mtupu, bila tone la damu. Kisha inasema naye atasamehewa.

Umesema "damu yote ile," nami nakuelewa, kwa sababu ukisoma haraka kitabu chote kinanuka machinjioni. Lakini kumbuka kwamba mtu wa kawaida wa Israeli alikula nyama mara chache, na mara nyingi siku ya kula nyama ndiyo siku ya sadaka. Sadaka za amani zilikuwa karamu: mafuta yaliteketezwa madhabahuni, kidari na paja la kulia vikawa vya kuhani, na nyama iliyobaki ililiwa na mtoaji, watoto wake na wageni wake mbele za Bwana. Ile ya shukrani ilitakiwa kwisha siku hiyohiyo, kwa hiyo ilibidi uwaite watu. Biblia inaposema Sulemani alichinja ng'ombe 22,000 na kondoo 120,000 alipoweka wakfu hekalu, inasema ni sadaka za amani, yaani taifa zima lililishwa. Sadaka ya kuteketezwa ndiyo iliyokwenda yote kwa Mungu, isipokuwa ngozi, iliyokuwa ya kuhani. Kila siku wana-kondoo wawili, mmoja asubuhi na mwingine jioni. Na sadaka ya hatia ilikuwa na sharti ninalolipenda: aliyedhulumu alirudisha kwanza kile alichochukua, akaongeza sehemu ya tano juu yake, ndipo akaja na kondoo dume. Ukimwibia jirani hukuweza kumalizana na Mungu ukimruka jirani huyo.

Dhambi ya kweli je? Ipo, na Walawi haiipuuzi. Kila mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, ilikuwapo Siku ya Upatanisho, iliyoelezwa katika sura ya 16. Wanaletwa mbuzi wawili na kupigiwa kura. Mmoja anachinjwa, na damu yake inaingizwa hadi kwenye kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano. Mstari wa 16 unasema hiyo ni kufanya upatanisho kwa ajili ya mahali patakatifu, kwa sababu ya mambo machafu ya wana wa Israeli. Ni usafi wa mwaka, unaofika chumba cha ndani kabisa. Kisha Haruni anaweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha mbuzi wa pili, anaungama juu yake maovu yote ya watu, na mbuzi huyo anapelekwa jangwani kwa Azazeli, jina ambalo maana yake haijulikani kwa hakika. Mbuzi anayebeba dhambi hachinjwi. Anaondoka akiwa hai, anapeleka dhambi mbali na kambi. Yule anayechinjwa hakuungamiwa dhambi juu yake. Ukilishika hilo, picha ya mnyama anayepigwa badala ya mkosaji inapungua nguvu sana ndani ya Walawi.

Wapo wasomi waaminifu wanaosema kwamba kuweka mkono juu ya mnyama kulikuwa na maana ya kubadilishana nafasi, na Isaya 53 inamwita mtumishi wa Bwana sadaka inayotolewa kwa ajili ya wengine. Kanisa limesimama hapo katika kuueleza msalaba, nami sina nia ya kukutoa hapo. Ninachosema ni kwamba wazo hilo lisirudishwe juu ya mama aliyejifungua, kwa sababu sheria yake haizungumzii adhabu hata kidogo.

Kulikuwa pia na dhambi ambazo sadaka ya mtu binafsi haikuzifikia. Hesabu 15 inasema anayekosa kwa kusudi, kwa kumdharau Bwana, hana mnyama wa kuleta. Daudi, mwenye damu ya Uria mikononi, anasema katika Zaburi 51 kwamba Mungu hapendezwi na dhabihu yake. Anacho moyo uliovunjika tu. Manabii walilisukuma jambo hilo mpaka mwisho. Amosi, Isaya na Mika walisimama mbele ya madhabahu zilizojaa wanyama wanono wakasema Mungu amezichoka, kwa kuwa walioleta wanyama walikuwa wanamkanyaga maskini. Naye Ezekieli, aliyekuwa mwenyewe wa ukoo wa makuhani, aliona katika sura ya 10 na 11 kile ambacho utaratibu wote uliwekwa ili kukizuia: utukufu wa Bwana ukiondoka hekaluni, ukapita lango la mashariki na kwenda zake. Kilichomfukuza kilikuwa sanamu na mji uliojaa udhalimu. Hakuna nabii aliyesema Mungu alihama kwa sababu wanawake walizaa.

Utakatifu wenyewe, ukitaka kujua ulikuwa na sura gani mtaani, soma Walawi 19. Sura inaanza na "Mtakuwa watakatifu, kwa kuwa mimi, BWANA, Mungu wenu, ni mtakatifu," kisha inashuka moja kwa moja shambani na sokoni: acha pembe za shamba kwa maskini na mgeni, ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, usimtukane kiziwi, mizani yako iwe ya haki, mpende jirani yako, mpende mgeni kama nafsi yako.

Turudi kwenye siku 80. Sheria inagawa muda huo sehemu mbili. Kwa mvulana siku 7 za unajisi kamili, kisha 33. Kwa binti siku 14, kisha 66. Katika sehemu ya pili, iliyo ndefu, mama alikuwa anaishi maisha yake ya kawaida nyumbani. Alizuiwa tu kugusa vitu vitakatifu na kuingia patakatifu. Sababu ya binti kuongezewa haikuandikwa. Wengine husema mvulana alitahiriwa siku ya nane na hilo likafupisha muda wake. Wengine husema binti ni mama wa kesho, kwa hiyo uzazi wa binti ulihesabiwa mara mbili. Mimi naliona la pili kuwa karibu zaidi na roho ya sura, lakini silisimamii kwa nguvu. Ninachosimamia ni mstari wa 6, usemao sadaka ni ileile "kwa ajili ya mwana, au kwa ajili ya binti": mwana-kondoo wa mwaka mmoja na njiwa, bila nyongeza wala pungufu. Kama binti angekuwa uchafu zaidi, bei ingepanda.

Na uone sura hiyo inaelekea wapi. Inamleta mama mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, na sadaka yake mwenyewe mkononi, sehemu ileile anakosimama mwanamume. Sheria hii iliwekwa ili mama arudi. Asiye na uwezo wa mwana-kondoo aliletewa nafasi ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na Luka 2 inatuambia mmoja wa waliotumia nafasi hiyo ya maskini ni Mariamu, alipomzaa Yesu. Wakatoliki na wengine wanaikumbuka siku hiyo tarehe 2 Februari, siku ya 40 ukihesabu kuanzia Krismasi yenyewe. Hakuna Mkristo anayethubutu kusema Mariamu alitenda dhambi kwa kumzaa Bwana. Basi kama sadaka yake haikuwa ya kosa, ya wanawake wengine nayo haikuwa.

Isitoshe, patakatifu panapotajwa hapo hapapo tena. Warumi waliliangusha hekalu la Yerusalemu mwaka 70, na tangu hapo hata Wayahudi, ambao sheria hii ni yao kwanza, hawatoi sadaka hizi. Wameshika sala, toba na matendo ya huruma. Jengo la kanisa lenu si hema ya kukutania, na kwa waraka kwa Waebrania, Mkristo anaingia patakatifu kwa njia nyingine. Kwa hiyo sioni msingi wa kukuzuia Meza ya Bwana kwa hoja ya Walawi 12.

Hata hivyo usimwone mama mkwe wako kuwa adui. Kuhesabu siku baada ya uzazi ni desturi ya zamani na ina heshima yake. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hubatiza mvulana siku ya 40 na binti siku ya 80, na katika ibada ya kale ya Kianglikana ipo sala maalumu ya mama kumshukuru Mungu baada ya kujifungua. Kama anachotaka ni upumzike, upate uji na usibebe ndoo, pokea kwa mikono miwili. Kama kanisa lenu lina utaratibu wake uliotangazwa, unaweza kuamua kuufuata kwa amani, ukijua ni utaratibu wa kanisa. Kisichokubalika ni wewe kukaa nje kwa aibu, ukiamini kwamba umemchafulia Mungu nyumba kwa kumleta binti duniani.

Kuhusu yule kiongozi na mbuzi wake, soma Walawi 14. Mwenye ugonjwa wa ngozi hakuleta mnyama ili apone. Kuhani alitoka nje ya kambi, akamchunguza, na alipokuta ameshapona, ndipo sadaka zilipoanza. Katika sheria ya Musa kuhani hakuwa mganga, na mnyama hakuwa dawa. Mtu anayekuambia mtoto wako amefungwa mpaka ulipe hana Walawi nyuma yake. Usimpe mbuzi, usimpe hela, na akikutisha mweleze mumeo na mchungaji wako, na ikibidi uongozi wa mtaa.

Nenda kwa mchungaji ana kwa ana wiki hii, pamoja na mumeo, na ikiwezekana pamoja na mama mkwe, maana maneno ya kuambiwa na wazee wa kanisa pembeni hayana mwisho. Fungueni pamoja Walawi 12, mistari ya 6 na 8, mkaisome polepole, kisha mwulize wazi: kanisa hili linamzuia mama aliyejifungua, ndiyo au hapana, na kwa andiko gani? Una haki ya jibu lililonyooka. Na kama ule uzito unaousema hauondoki, ukawa unalia bila sababu, hulali hata mtoto anapolala, au unaona heri usingekuwapo, mwambie muuguzi wa kliniki waziwazi. Huzuni ya baada ya uzazi inatibika.

Ukitaka kutoa shukrani kwa ajili ya binti, toa. Toa kwa kadiri ya ulicho nacho, kanisani, mchana, watu wakiona, na kama ni mbuzi, mpikeni mle na majirani.